Maswali ya Wasomaji: Kobe, Chaja za Mezani na Betri za Akiba

Toleo hili tumekusanya barua zinazohusu jambo moja: kuchaji simu na betri za akiba kwa chaja ya mezani, iwe kobe inayobana betri kwa pini mbili au kitako chenye nafasi ya simu mbele na ya betri nyuma. Barua ndefu tumezifupisha.

Habari za kazi, wahariri. Nina kitochi na betri mbili za BL-5C. Moja ikiwa ndani ya simu, nyingine iko kwenye kobe. Kobe yenyewe ina vitufe viwili, TE na CO, na taa nne: CON, PW, CH na FUL. Karatasi ya maelezo ni ya Kichina tupu. Kila kimoja kina kazi gani, na betri inahitaji saa ngapi kujaa?
*Msomaji, Morogoro*

Nzuri, ndugu yetu. Tuanze na betri kabla ya kobe. BL-5C, ambayo wengi walianza kuijua kwenye Nokia 1100 ya mwaka 2003, ina vyuma vitatu vya rangi ya dhahabu. Viwili vya pembeni ni chanya na hasi, na alama zake zimechapwa kwenye lebo. Cha katikati hutumiwa na simu kutambua aina ya betri. Kobe haina habari nacho. Sogeza pini mpaka kila moja ikae juu ya chuma chake cha pembeni, kisha achia kibano. Pini moja ikiangukia chuma cha katikati, hakuna kitakachochajika, na hapo ndipo watu wengi huilaumu kobe bure.

Kabla hujachomeka ukutani, bonyeza TE. Kitufe hicho huchukua umeme kidogo uliobaki ndani ya betri yenyewe na kuwasha CON. CON ikiwaka, chanya ya betri imekutana na chanya ya kobe. Isipowaka, bonyeza CO, ambacho hugeuza pande, kisha rudia TE. Ikikataa pande zote mbili, ama pini hazijagusa au betri imekauka kiasi cha kushindwa kuwasha hata taa hiyo. Kobe za siku hizi zimeondoa vitufe hivyo kwa sababu zinatambua pande zenyewe, lakini nazo hutegemea mabaki ya umeme kwenye betri. Betri iliyokauka kabisa huziacha gizani.

CON ikishawaka, chomeka. PW inasema umeme wa ukutani umefika, CH humetameta wakati wa kuchaji, na FUL huwaka betri ikijaa.

Kinachotendeka ndani ni hiki. Umeme wa 230 V hunyooshwa kwa dayodi, hukatwakatwa na transista, hupita kwenye transfoma ndogo na kutoka ukiwa volti chache za mkondo mnyoofu. Kisha saketi ya mwisho huuzuia usivuke 4.2 V, kwa kuwa hicho ndicho kikomo cha betri ya lithiamu ya kawaida iliyoandikwa 3.7 V. Ile 3.7 ni wastani tu: betri ikiwa tupu husoma karibu 3.0 V, ikijaa 4.2 V. Mwanzoni kobe husukuma ampea zote ilizo nazo. Betri ikikaribia 4.2 V, volti husimama pale pale na ampea hupungua polepole, kama mtu anayejaza chupa yenye shingo nyembamba: mwanzo anamimina, karibu na mdomo anadondosha.

Kuhusu saa, soma lebo ya nyuma ya kobe. Ikiandikwa 200 mA (kasi ya kuchaji) na betri ni 1020 mAh (ujazo wake), gawanya: 1020 kwa 200 ni saa 5 na dakika chache. Ongeza sehemu moja ya tano kwa ajili ya umeme unaopotea na zile dakika za kudondosha, upate saa 6. Kobe nyingi za bei nafuu hazifikishi namba iliyo kwenye lebo yake, kwa hiyo saa 7 au 8 zisikutishe. Simu yenyewe huijaza betri hiyo hiyo haraka zaidi kwa sababu chaja yake ina nguvu zaidi. Uchaji wa polepole hauidhuru betri. Unaipa joto dogo, na joto ndilo adui yake mkubwa.

Hamjambo? Betri ya kabambe yangu (simu ndogo ya vitufe) nikiiweka kwenye kobe, taa ya FUL inawaka papo hapo. Nikiirudisha kwenye simu, haimalizi hata saa moja. Je, kobe ndiyo mbovu?
*Msomaji, Kisumu*

Hatujambo. Kobe haipimi umeme ulioko ndani ya betri. Inapima mambo mawili tu: volti kwenye pini, na kama kuna ampea zinazopita. Volti zikiwa juu na ampea zikiwa hazipiti, yenyewe inahesabu kwamba betri imejaa. Hali hiyo inaweza kuletwa na mambo matatu.

La kwanza ni uchafu. Jasho, vumbi na kutu ya kijani kwenye vyuma vya betri huzuia ampea. Sugua vyuma kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa pamba yenye spiriti, uache vikauke. Pini za kobe nazo zikilegea, zikunje kidogo kwenda chini, kobe ikiwa imechomolewa ukutani.

La pili ni saketi ndogo ya ulinzi iliyo ndani ya kila betri halisi ya simu. Hii hukata njia betri ikishuka sana, na ikikata, kobe huona kama hakuna betri kabisa. Tutaieleza zaidi kwenye barua ya fundi wa Bukavu.

La tatu, na kwa dalili zako tunashuku ndilo, ni uchakavu. Betri iliyozeeka ukinzani wake wa ndani umepanda. Ukiisukumia ampea kidogo tu, volti zake huruka juu hadi 4.2 ilhali ndani hamna kitu. Simu ikianza kuvuta, hasa unapopiga simu, volti huporomoka na simu huzima.

Mwenye mita ya kupimia volti anaweza kuhakikisha hivi. Betri ikishatoka kwenye kobe ikae dakika 10, kisha pima volti zake. Chukua rezista ya omu 4.7 yenye uwezo wa wati 5, iunganishe kati ya chanya na hasi kwa sekunde 5 huku mita ikiwa bado imegusa. Rezista hiyo huvuta karibu ampea 0.8. Ishike kwa koleo, maana inapata moto upesi. Betri nzima hushuka 0.1 V au 0.15 V hivi. Ikishuka zaidi ya 0.4 V, nunua nyingine. Hakuna kobe itakayoifufua.

Ukienda kununua, usidanganyike na namba. BL-5C halisi ya miaka ya karibuni ni 1020 mAh. Ukikuta ya umbo lile lile imeandikwa 2800 au 3000, namba hiyo ni ya kuvutia wateja, kwa kuwa nafasi ya kuweka lithiamu kiasi hicho haipo.

Shikamooni. Miye mwanafunzi. Usiku naiwacha betri kwenye kobe mpaka asubuhi, na mama anasema nitachoma nyumba. Nani ana haki?
*Msomaji, Unguja*

Marahaba. Mama ana haki, ingawa kobe nzuri haichomi nyumba. Tatizo ni kuijua nzuri.

Ipime hivi: chaji betri mpaka FUL iwake, iache saa moja zaidi, chomoa kobe ukutani, toa betri, pima. Ikisoma kati ya 4.15 na 4.20 V, kobe inajua kusimama. Ikisoma zaidi ya 4.25 V, kobe hiyo haina kikomo cha kuaminika, na inayokulinda ni ile saketi ya ndani ya betri peke yake, ambayo kwa kawaida hukata karibu na 4.28 V. Kwenye betri za bandia saketi hiyo wakati mwingine haimo. Kobe ya namna hiyo itupe.

Hata ikifaulu mtihani, usichaji juu ya godoro wala chini ya mto. Weka juu ya kigae au sahani ya udongo, mbali na pazia. Betri ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika mkononi, chomoa. Na kobe ikiwa kwenye soketi usiziguse pini zake kwa vidole. Kwenye kobe za ovyo, nafasi kati ya upande wa 230 V na upande wa betri ni ya milimita chache, na saketi yenyewe haina kinga nyingine.

Kazini nina kitako cha mezani chenye nafasi mbili: simu inasimama mbele, betri ya akiba inalala nyuma. Taa ya betri ya nyuma haiwaki mpaka simu ijae. Nimeambiwa kitako kimeharibika.
*Msomaji, Dodoma*

Hakijaharibika, dada. Vitako vingi vya aina hiyo vimetengenezwa hivyo makusudi: simu kwanza, akiba baadaye. Adapta inayokilisha ni moja, tuseme ya 5 V na 1 A, na simu ikiwa tupu inaweza kumeza ampea hiyo karibu yote. Saketi ya kitako huiacha simu ishibe, kisha huifungulia betri. Kuna vichache vinavyogawa, mathalani 700 mA mbele na 300 mA nyuma, na hapo vyote viwili huenda polepole. Ukiwa na haraka na betri ya akiba, nyanyua simu.

Ukibadilisha adapta, weka ya volti zile zile na ampea sawa au zaidi. Adapta ya 0.5 A kwenye kitako kinachotaka 1 A itapata joto na taa zitakuwa zinawaka na kuzima. Kama ni simu ndiyo haichaji ikikaa mbele, tazama kava kwanza. Kava nene huinua simu milimita moja au mbili, na vyuma vya chini havikutani.

Wanaotumia redio za mkononi za walinzi wawe waangalifu zaidi kuliko wenye simu. Kitako cha betri ya nikeli ya 7.2 V na cha betri ya lithiamu ya 7.4 V vinaweza kufanana kwa sura, lakini havifanyi kazi moja. Betri ya lithiamu ya 7.4 V ni seli mbili na inakoma 8.4 V. Kitako cha nikeli hakisimami kwenye kikomo cha volti. Chenyewe husubiri volti zishuke kidogo au joto lipande ndipo kijue betri imejaa. Lithiamu ikingojea dalili hiyo, itakuwa imeshavimba.

Nina Galaxy S4 ya zamani na betri mbili za 2600 mAh. Nikichaji ndani ya simu inafika asilimia 100. Nikichaji kwenye kobe mpaka FUL, simu inasoma 85 hivi. Umeme mwingine unaenda wapi?
*Msomaji, Mwanza*

Hauendi popote, haujaingia. Soma lebo ya betri yako: imeandikwa 3.8 V, si 3.7. Betri za kundi hilo hujaa zikifika 4.35 V, na kobe ya kawaida husimama 4.2. Zile zilizoandikwa 3.85 V, kama ya Galaxy S5, hujaa 4.4 V, kwa hiyo kwenye kobe zitapungukiwa zaidi kidogo. Betri haipati madhara yoyote, inayoishia 4.2 V huishi mizunguko mingi kuliko inayojazwa mpaka juu kila siku. Ukitaka ile asilimia 15, imalizie ndani ya simu.

Jambo la hatari ni kinyume chake: kuweka betri ya 3.7 V kwenye chaja iliyotengenezwa kwa ajili ya 4.35 V. Hilo usilifanye hata mara moja.

Betri za S4 zina vyuma vinne, na baadhi ya mafundi hubahatisha. Tafuta + na − kwenye lebo. Hivyo vingine ni vya mawasiliano na simu. Na kwa betri ya 2600 mAh kwenye kobe ya 200 mA, hesabu inatoa zaidi ya saa 15. Tafuta chaja ya betri yenye 500 mA au zaidi, usije ukaikuta bado inachaji keshoye.

Wahariri, naomba hesabu. Nina kibanda cha kuchaji simu, umeme wa gridi haujafika kwetu. Nina betri ya sola ya 12 V, 100 Ah, na inveta ndogo. Nichaji simu ngapi na betri ngapi kwa siku bila kuiua betri yangu? Paneli iwe ya wati ngapi?
*Mwenye kibanda, Kahama*

Hesabu hii tunaipenda, ndugu, kwa sababu wengi huikwepa na kuishia kununua betri mpya kila mwaka.

Betri ya 12 V, 100 Ah ina wati-saa 1200 ikiwa mpya. Kama ni ya risasi na tindikali, usitumie zaidi ya nusu, yaani wati-saa 600. Ukiishusha mara kwa mara chini ya hapo, sulfeti hugandamana kwenye sahani zake na uwezo wake hupungua. Alama ya nusu ni kama 12.2 V, betri ikiwa imepumzika bila mzigo wala jua. Ikijaa husoma karibu 12.7 V.

Inveta yenyewe hula hata isipochaji kitu. Tuseme wati 8 kwa saa 10: wati-saa 80 zimekwenda. Zimebaki 520.

Betri ndogo ya kitochi, 1020 mAh kwa 3.7 V, ina wati-saa 3.8. Ila kobe hupoteza karibu nusu ya umeme wake kwa joto, na inveta nayo inachukua ushuru wake. Hesabu wati-saa 9 kwa kila betri. Simu janja yenye betri ya 5000 mAh ina wati-saa 19. Ukiongeza upotevu wa chaja, simu na inveta, weka 30. Kwa hiyo siku moja unaweza kuchaji vitochi 57, au simu janja 17, au mchanganyiko, kwa mfano simu janja 10 na vitochi 24. Simu nyingi huletwa zikiwa na mabaki, hivyo utafika juu ya hapo kidogo. Usiihesabu faida hiyo mapema.

Paneli: unataka kurudisha wati-saa 600 kila siku. Chukua saa 5 za jua kali, na upotevu wa asilimia 30 kwa joto, vumbi, nyaya na betri yenyewe. 600 gawanya kwa 3.5 ni wati 171. Nunua ya 200, maana kuna siku za mawingu. Usiunganishe paneli na betri bila kidhibiti cha chaji.

Ushauri wenye faida kuliko kuongeza paneli ni kuipunguzia inveta kazi. Tumia chaja za gari zinazoshusha 12 V kuwa 5 V, na kobe zinazochomekwa kwenye USB badala ya ukutani. Betri ya kitochi kwa njia hiyo hutumia wati-saa 6 na kidogo tu, na zile 80 za inveta zinabaki kwako: vitochi 57 vinakuwa zaidi ya 90 kwa betri ile ile. Weka fyuzi karibu na nguzo chanya ya betri, ya ampea 15 kwa mfano, na waya usiopungua milimita za mraba 2.5. Betri ya 100 Ah ikipigwa shoti bila fyuzi huyeyusha waya na kuwasha ubao wa kibanda.

Betri za wateja zifunge kikaratasi chenye namba, na zisikae mfukoni pamoja na sarafu au funguo. Shoti ya namna hiyo haihitaji chaja.

Mimi ni fundi simu. Naletewa betri ambazo mita inasoma 0 V. Tunazishtua kwa betri ya pikipiki na nyingine zinaamka. Mwenzangu anasema ni hatari. Njia sahihi ni ipi?
*Fundi, Bukavu*

Mwenzako yuko sahihi. Acha betri ya pikipiki: ina 12 V na inaweza kutoa makumi ya ampea, na hakuna kinachozipima zikiingia.

0 V kamili mara nyingi haina maana kwamba seli imekufa. Saketi ya ulinzi imekata njia baada ya seli kushuka karibu 2.4 V. Simu nazo nyingi hukataa kuanza kuchaji zisipoisoma betri. Ndiyo sababu kobe huziamsha baadhi ya betri ambazo simu imezishindwa: inasukuma kidogo bila kuuliza maswali.

Kwa meza ya fundi, weka pawa saplai kwenye 4.2 V na kikomo cha 50 hadi 100 mA. Unganisha chanya na hasi, tazama. Saketi ikifunguka, volti zitaonekana na kupanda. Ndani ya dakika 15 hadi 20 zinatakiwa kuvuka 3.0 V. Zikivuka, endelea na uchaji wa kawaida huku ukiishika betri mara kwa mara. Ikipata joto kwa ampea ndogo hizo, kuna shoti ndani. Zisipovuka, usiongeze ampea. Na seli iliyokaa chini ya 2.0 V kwa siku nyingi usiiamshe hata kama inakubali. Shaba ya ndani huyeyuka kwenye majimaji yake, na ukichaji huganda tena mahali pasipo pake, ikatengeneza njia ya shoti. Betri hiyo itachaji leo na kuwaka mezani kwa mteja wiki ijayo.

Kama huna pawa saplai, vibodi vya kuchajia lithiamu vyenye chipu ya TP4056 vinatosha. Betri ikiwa chini ya 2.9 V hutoa sehemu moja ya kumi ya ampea zake, ikivuka hupandisha, na husimama 4.2 V. Vingi huja na rezista ya kiloomu 1.2, inayotoa 1 A. Hiyo ni nyingi kwa betri ndogo. Badilisha: kiloomu 2 hutoa 580 mA, kiloomu 10 hutoa 130 mA.

Betri yangu ya akiba imevimba kidogo lakini inachaji vizuri. Niendelee?
*Msomaji, Lamu*

Usiendelee. Kama una shaka kwamba imevimba, ilaze juu ya kioo na uizungushe kwa kidole: bapa hukwama, iliyovimba huzunguka. Kilichomo ndani ni gesi ya majimaji yaliyooza kwa joto au kwa kuchajiwa kupita kiasi, na inawaka. Usiitoboe wala kuikandamiza ili kifuniko cha simu kifunge. Bandika utepe wa plastiki juu ya vyuma vyake, iweke kwenye kopo lenye mchanga mkavu nje ya nyumba, na umpelekee fundi au mkusanyaji wa taka za kielektroniki. Si kwenye jalala linalochomwa moto.

Usidhani betri halisi tu ndiyo kinga. Agosti 2007 Nokia yenyewe ilitoa tahadhari kuhusu BL-5C milioni 46 zilizotengenezwa na Matsushita kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, kwa sababu ziliweza kupiga shoti ya ndani na kupata moto wakati wa kuchaji. Betri isiyotumika ihifadhi ikiwa nusu, karibu 3.8 V, mahali pa baridi, na uipime kila miezi mitatu. Ikijaa tele na kukaa kwenye joto la pwani, huzeeka ikiwa imekaa tu.

Kobe yangu ina pini mbili bapa, soketi ya ukutani ni ya matundu matatu ya mraba. Natumbukiza kalamu tundu la juu ndipo inaingia. Kuna ubaya?
*Msomaji, Mombasa*

Upo. Tundu la juu ni la ethi, na kazi yake ni kufungua vifuniko vinavyoziba matundu ya umeme. Ukishavifungua kwa kalamu na kuingiza pini nyembamba, chuma cha soketi hakiibani pini ipasavyo. Kobe inavuta umeme kidogo, lakini mguso uliolegea hutoa cheche, cheche huunguza soketi, na siku ukichomeka pasi hapo soketi inayeyuka. Nunua adapta ya pini tatu yenye fyuzi, uiache ikae kwenye kobe moja kwa moja.

Natoka Maskati kwenda Dar es Salaam na betri sita za akiba, kobe mbili na pawabenki ya 20000 mAh. Niziweke wapi?
*Msomaji, Maskati*

Kobe tupu unaweza kuziweka kwenye sanduku. Betri za akiba na pawabenki ni za mkobani, ndani ya ndege pamoja nawe. Kwenye mzigo unaokabidhiwa haziruhusiwi. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100 kwa kila moja. Pawabenki yako: 20000 mAh ni ampea-saa 20, mara 3.7 V, ni wati-saa 74, inapita. Betri za kitochi hazifiki hata wati-saa 4 kila moja. Funika vyuma vyake kwa utepe au weka kila betri kwenye kimfuko chake. Uliza pia shirika lako kabla ya safari, kwa kuwa mengine siku hizi yana idadi maalumu ya pawabenki na yanakataza kuitumia ndege ikiwa angani.